Barua kwa mwanangu: kabla Mjomba hajapigwa picha ya PET

Nairobi, Julai

Mwanangu Mwende,

Majibu ya bayopsi ya Mjomba, yaani kile kipande cha nyama kilichopimwa, nimeyasoma. Ile tezi ya shingoni ina saratani ya seli bapa, na saratani ya aina hiyo haizaliwi ndani ya tezi. Imetoka kwingine, mara nyingi kwenye findo au shina la ulimi, ambako kidonda kidogo hujificha mikunjoni.

PET-CT, picha inayoonyesha sehemu za mwili zinazokula sukari nyingi kama saratani ifanyavyo, ifanyike kabla hajakatwa nyama yoyote kooni. Kidonda kinachopona nacho hula sukari, kikawaka pichani kama saratani, na daktari akashindwa kutofautisha.

Atadungwa glukosi yenye florini-18. Nusu ya mionzi yake huisha kila dakika 110, na kipimo hupangwa kwa uzito wake na saa ya miadi. Foleni ya Thika Road unaijua; tokeni mapema.

Asile kwa saa 6. Maji matupu ni sawa, chai ya rangi yenye sukari hapana. Insulini ikidungwa karibu na saa ya kudungwa hiyo glukosi huisukuma misulini, kwa hiyo mpigie simu mhudumu wa picha umuulize saa za dawa zake za kisukari. Sukari ya damu ikizidi 11 mmol/L, huenda wakamrudisha nyumbani.

Miraa, hapo ndipo utakapogombana naye! Aiache tangu jana yake, na chingamu vilevile. Misuli ya taya ikifanya kazi huvuta glukosi, tena jirani kabisa na findo tunalolitafuta. Akishadungwa alale kimya dakika 60, asiongee, maana hata nyuzi za sauti huwaka. Simu yake kaa nayo wewe. Mbebee blanketi: kwenye baridi hii mafuta ya kahawia ya shingoni huwaka pia.

Ubongo, figo na kibofu huwaka kwa kila mtu. Mafindo nayo huwaka kidogo. La kutilia shaka ni upande mmoja kuuzidi mwingine. Kifua kikuu cha tezi pia hung'aa, ndiyo maana panapowaka lazima pachukuliwe kipande. Na kidonda cha milimita chache kinaweza kukosekana kabisa. Kwa hiyo iambieni maabara sasa hivi ipime p16, protini inayoashiria saratani iliyoletwa na kirusi cha HPV, kwenye kipande kilichopo, hahitaji kukatwa upya. Ikitoka chanya, msako unaelekezwa kwenye mafindo na shina la ulimi hata kama picha haikuonyesha kitu.

Mkitoka hapo anywe maji mengi, na kwa ajili ya mionzi asimpakate mtoto wako hadi jioni.

Mamako