Michoro ya bure, bodi ya gharama

Mhariri,

Wengi jijini huamini kwamba vifaa vya kompyuta vya michoro huria (ambayo yeyote anaruhusiwa kuinakili na kuibadili) lazima viwe rahisi, kwa kuwa michoro yenyewe hailipiwi. Kweli, KiCad, programu ya kuchora saketi, ni bure, na michoro ya Arduino Uno, bodi ndogo ya kompyuta, yeyote anaipakua. Ila programu ukiinakili mara elfu hutoi hata senti, wakati kila bodi inataka shaba yake, chipu zake na lehemu yake.

Bodi tupu, isiyo na vipuri, wala si tatizo. Viwanda vya Shenzhen huuza bodi 5 za tabaka mbili, sentimita 10 kwa 10, kwa dola chache tu. Nauli ya haraka hadi Dar es Salaam huweza kuzidi bei hiyo mara kadhaa, halafu ipo VAT ya asilimia 18. Kinachokula fedha ni marudio. ESP32, chipu yenye redio ya Wi-Fi, inaporusha mawimbi huweza kuvuta karibu nusu ampea kwa ghafla. Regyuleta inayodhibiti volti ikiwa ndogo, au kapasita inayohifadhi chaji ikiwekwa mbali na chipu, volti inaanguka na kifaa kinajiwasha upya kila mara. Hapo unaagiza bodi nyingine, na nauli na kodi unalipa tena.

Chukulia marudio, vipimo na idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano (kifaa chenye redio hakikwepi), vimefika shilingi milioni 6. Kwa bodi 100, kila moja inabeba 60,000 kabla hujanunua rezista hata moja. Kwa bodi 1,000, inabeba 6,000. Ndiyo maana nakala ya China huweza kuuzwa Kariakoo chini ya gharama yako, na leseni ya michoro huria inairuhusu. Arduino waliachia michoro, lakini jina wakalisajili kama alama ya biashara.

Kwa hiyo wafadhili wa ubunifu watenge fungu la toleo la pili na la tatu, si la kwanza pekee. Vikundi vya vyuoni navyo vinunue vipuri kwa pamoja: riili moja (utepe uliozungushwa) ya rezista za saizi ya 0805 huwa na vipande 5,000, bodi 50 zitaimaliza lini? Saizi hiyo fundi huilehemu kwa mkono, 0402, iliyo ndogo zaidi, itamtesa. Tena acheni nafasi ya chipu mbadala kwenye bodi. Uhaba wa chipu wa 2021 uliwakwamisha waliotegemea chipu moja.

Na anayetangaza kazi yake kuwa huria atoe faili za KiCad zenyewe, orodha ya vipuri yenye namba za watengenezaji, na hatua za kupima bodi. PDF peke yake haimwezeshi mtu kurekebisha chochote, hata ikibandikwa leseni ya vifaa huria ya CERN.

Mbunifu wa saketi,
Sinza, Dar es Salaam