Shindano la ndoano Ziwa Nyasa lisiwe la kuvamia viota

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu shindano la uvuvi wa ndoano ambalo baadhi ya wenye nyumba za wageni katika ufukwe wetu wa Kyela wamekuwa wakilizungumzia kwa ajili ya likizo ya Desemba, ambapo zawadi itakwenda kwa yule atakayefikisha mezani kwa waamuzi samaki mkubwa kuliko wote. Shindano lenyewe silipingi. Nimevua kwa mshipi tangu utotoni, ingawa kazi iliyonilisha ilikuwa ya chaki na si ya kafi, na ningefurahi kuona vijana wa Matema wakipata chochote kutoka kwa wageni. Ninachokipinga ni mbinu moja ambayo vijana hao wameanza kuiga kutoka kwenye video za simu, nayo ni kumvua samaki akiwa juu ya kiota chake.

Mbinu hiyo ina kwao. Huko Marekani kuna samaki wa maji baridi aitwaye besi, mwenye mdomo mpana, ambaye msomaji aliyewahi kufika Naivasha nchini Kenya huenda amemwona sahanini, kwa kuwa alipandikizwa katika ziwa lile mwaka 1929 kwa ajili ya wavuvi wa michezo. Majira ya baridi yakiisha na maji yakaanza kupata joto, dume la besi husogea kwenye kina kifupi na kufagia duara la changarawe kwa mkia wake. Jike huja, hutaga, kisha huondoka, na dume hubaki peke yake akilinda mayai na baadaye vifaranga kwa siku nyingi, huku akila kwa nadra sana. Mvuvi huvaa miwani inayokata mng'ao wa maji, akamwona samaki pale alipo, kisha hutupa katikati ya kiota chambo bandia kilichotengenezwa kwa sura ya samaki mdogo mla mayai. Akikosa hurudia, na anaweza kurudia mara kumi, ishirini, hamsini, mpaka mwenye kiota apandwe na hasira. Samaki yule hana njaa. Anakiokota kile chambo kwa midomo ili akakitupe nje, na ndoano inamkamata akiwa katika kazi ya kusafisha nyumba yake.

Mwezi Novemba mwaka jana, kabla mvua hazijachafua maji, mpwa wangu alinionyesha jambo hilo kwa vitendo. Tulikuwa ndani ya mtumbwi karibu na majani ya ufukweni, maji yakiwa yametulia kiasi cha kuonekana mchanga wa chini, na juu ya kishimo kimoja walikuwapo perege wawili wa ile aina yenye kifua chekundu inayokula majani. Wavuvi wanajua kwamba aina hiyo hulea tofauti na magege, kwani jike la magege hubeba mayai yake mdomoni na kuondoka nayo, ilhali hawa wenye kifua chekundu huyaacha kwenye kishimo, wakayalinda baba na mama kwa pamoja. Kijana alikuwa amekata kipande cha kandambili kuukuu kwa umbo la samaki na kukifunga kwenye ndoano. Mara ya kwanza perege mmoja alikiuma, akakibeba hadi ukingoni mwa kishimo, akakitema na kurudi mahali pake. Ilikuwa hivyo mara ya pili, na mara ya tatu. Nilipoteza hesabu, lakini jua lilikuwa limeshapanda pale ndoano ilipomshika hatimaye, tena si mdomoni bali ubavuni, nyuma kidogo ya pezi.

“Mjomba, umeona? Huyu hana ujanja kwangu!”

Alimnyanyua, akapigwa picha, akamwangalia mbele na nyuma, kisha kwa nia njema kabisa akamrudisha majini, kwa sababu video zake zilimfundisha pia kwamba muungwana humwachia samaki. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kishimo. Tangu mlinzi mmoja aondolewe, visamaki vidogo vilikuwa vimekwisha kumiminika kutoka kwenye majani, na yule mwenzake alikuwa akifukuza kundi la upande huu huku kundi la upande wa pili likila. Sijui kama yule wa picha alirudi nyumbani kwake, lakini hata angerudi, sioni angekuta nini.

Hapo ndipo penye hoja yangu, Ndugu Mhariri, kwa kuwa wanaoitetea mbinu hii huegemea sana neno hilo la kumwachia. Ni kweli kwamba mwaka 1972 Ray Scott, mwanzilishi wa mashindano makubwa ya besi kule Marekani, alianzisha kampeni ya kuwataka washindani wasiwaue samaki wao, na hilo lilikuwa jambo la heri. Lakini samaki wa shindano huwekwa katika tangi la maji ndani ya boti, husafirishwa masafa marefu hadi kwenye mzani, na huachiwa hapo mzani ulipo, si pale alipotolewa. Akiwa dume lililokuwa likilinda peke yake, uhai wake umeokolewa ilhali kizazi chake chote kimeshaliwa.

Kuhusu uungwana wa mchezo, nitakumbusha kisa kimoja ambacho wapenzi wa uvuvi duniani hawajakisahau. Rekodi ya besi mkubwa kuliko wote, mwenye uzito wa kilo 10 na ushei, iliwekwa na George Perry katika jimbo la Georgia mwaka 1932, na watu wameifukuzia tangu hapo. Mwezi Machi 2006, katika ziwa dogo la Dixon huko California, Mac Weakley akiwa na wenzake wawili alimtoa kwenye kiota besi aliyekuwa na doa jeusi chini ya taya, na mzani wao wa mkononi ukasoma zaidi ya kilo 11. Ndoano ilikuwa imemnasa chini ya pezi la mgongoni. Walimpima, wakampiga picha, wakamrudisha, na Weakley hakuomba rekodi. Miaka miwili baadaye samaki yuleyule, akitambulika kwa doa lake, aliokotwa akielea amekufa. Namheshimu Weakley kwa kuiacha rekodi mikononi mwa marehemu Perry, ila naona swali gumu lilikuwa la mapema zaidi, kabla ndoano haijatupwa, nalo ni kama palikuwa na shindano lolote baina yake na kiumbe kisichoweza kuondoka mahali kilipo. Kuku mwenye vifaranga akikurukia usoni ukamkamata mguu, hutakwenda kilabuni kusimulia jinsi ulivyomzidi akili.

Wako watakaosema kwamba katika maziwa ya kusini mwa Marekani uvuvi wa viotani huruhusiwa na besi hawajaisha, kwa kuwa viota vichache vinavyosalimika vinatosha kujaza ziwa. Inawezekana. Lakini huko Ontario, Kanada, ambako majira ya joto ni mafupi, uvuvi wa besi katika sehemu nyingi hufungwa hadi mwezi Juni ili madume yamalize malezi, na sisi wenyewe hatuna ugeni na jambo hili, kwani mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapumue. Aidha, naomba nisieleweke kwamba namlaumu mvuvi anayetafuta kitoweo cha watoto wake. Huyo ana mahesabu mengine na sheria nyingine za kumwongoza. Nazungumza na anayevua kwa ajili ya kombe.

Ningependa kusema shindano lihamishiwe Juni au Julai, lakini najua kusi likivuma miezi hiyo hakuna mzazi wa Kyela atakayemruhusu mwanawe kutoka na mtumbwi kwa ajili ya zawadi. Basi libaki Desemba, ila waandaaji waweke mambo matatu kwenye masharti yao: mshindani yeyote asitupe ndoano kwenye majani ya kando wala mahali chini panapoonekana, na kila samaki apimwe urefu kwa rula na kupigwa picha palepale mtumbwini, kisha aachiwe hapohapo, bila mzani wa ufukweni. La tatu, samaki aliyenaswa ubavuni au mgongoni asihesabiwe. Vikundi vya BMU vya mialo yetu, yaani vile vya wanajamii vinavyosimamia uvuvi ufukweni, vinajua mazalia yalipo kuliko mgeni yeyote, na vingeweza kuombwa kuweka maboya siku mbili kabla ya shindano. Mpwa wangu amekubali kuwa wa kwanza kujitolea mtumbwi kwa kazi hiyo, ingawa kandambili lake bado hajalitupa.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Tukuyu, Mbeya