Taarifa ya mwenyekiti ya mwaka: kona ya kivuli, pawpaw na Washawnee

Ndugu wanachama, mama zetu, baba zetu, kaka na dada, habari za mwaka mzima na poleni na baridi. Ya pesa mtayasikia kwa mweka hazina maana yeye ndo ana daftari na risiti, mimi niseme tu ada zimeingia vizuri, kodi ya kiwanja tumelipa na bomba lililopasuka limeshatengenezwa. Muda wangu nautumia kwa ile kona ya nyuma ya bustani, ile yenye kivuli, kwa sababu pale ndo tumejifunza mwaka huu kuliko sehemu nyingine yoyote.

Kwa ambao hamkuwepo mkutano uliopita, tulikubaliana pale tupande mimea ya hapahapa Ohio, maana bamia na matembele kwenye kivuli tumeshajaribu ikashindikana. Tukapata miche kumi na miwili ya pawpaw. Sasa hapa tuelewane kwanza, kwenye grupu kulikuwa na mkanganyiko mkubwa kwa sababu Wakenya wengi papai ndo wanaliita pawpaw, kwa hiyo watu wakaja wanategemea mipapai. Siyo. Hii ni ndugu wa topetope na stafeli, ukoo mmoja kabisa, ila yenyewe imezoea theluji. Tunda likiiva linalainika mpaka linakuwa kama uji mzito, utamu wake ndizi na embe pamoja, mbegu kubwa za kahawia (mbegu na ganda msile). Supamaketi hulikuti kwa sababu likishaiva siku chache tu limeharibika, na ndo maana hata watu waliozaliwa hapa wengi hawajalionja, ingawa mwaka 2009 Ohio ililifanya tunda rasmi la asili la jimbo.

Washawnee, wenyeji wa asili wa huku Ohio, wanalijua. Kwenye kalenda yao mwezi wa tisa unaitwa mwezi wa pawpaw, ha'siminikiisfwa, na hilo neno la mwishoni, kiisfwa, ni jua, ni mwezi wa angani na ni mwezi wa kuhesabu siku, vyote kwa pamoja. Sisi tunaosema mwezi umeandama na mwezi umeisha kwa neno lilelile hatuwezi kulishangaa sana. Hata jina lao lenyewe linatokana na neno lenye maana ya kusini, ni watu wa kusini, kama vile Waswahili ni watu wa pwani.

Nilipokuwa nasoma mambo haya kuna tarehe moja ilinikaa kichwani. Mkataba wa Wapakoneta, mji ambao si mbali na hapa Columbus, ulisainiwa mwezi wa nane 1831, Washawnee wakaachia ardhi yao ya mwisho pale, na safari ya kupelekwa Kansas ikaanza mwezi wa tisa 1832. Mwezi wa tisa! Yaani waliondolewa Ohio wakati pawpaw zinaiva porini, katika mwezi wenye jina la tunda hilo, wakafika kule Desemba. Tecumseh, kiongozi wao maarufu wa vita, alikuwa ameshauawa vitani tangu tarehe 5 Oktoba 1813, na kule Kansas nako baadaye wakasukumwa tena mpaka Oklahoma. Kati yetu humu kuna walioacha mihogo shambani Kivu haijavunwa, sihitaji kuwaeleza inakuwaje.

Na hapo ndo linakuja kosa letu. Mwezi wa tano tuliweka vibao, na kibao cha kona ile tuliandika kwamba Washawnee "walikuwa" watu walioishi hapa. Mimi mwenyewe nilikipitisha. Mgeni mmoja alikisoma, akaniuliza kwa upole tu, kwani wamekufa? Nikakosa jibu. Hawajafa. Yapo makabila matatu ya Washawnee yanayotambuliwa na serikali ya Marekani, Absentee Shawnee, Eastern Shawnee na Shawnee Tribe, yote makao yake Oklahoma, yana viongozi wao, yana ofisi, na ngoma zao za majira ya kuchipua na ya vuli bado zinachezwa. Hao wa Shawnee Tribe waliwekwa ndani ya taifa la Cherokee, kabila jingine la wenyeji, tangu 1869 na kutambuliwa peke yao kukaja na sheria ya mwaka 2000, juzi tu. Kibao tumekitoa, kipya kinasema hapa ni "kwao", na kinasema sasa wanaishi wapi.

Lugha yao ndo iko kwenye hali ngumu. Waliokua nayo nyumbani wamebaki wachache sana, na sababu mnazijua, kuhamishwa mara kwa mara halafu shule za bweni ambako watoto wa wenyeji waliadhibiwa wakiongea lugha za kwao. Na hii ni lugha iliyokuwa na gazeti mwaka 1835, gazeti zima kwa Kishawnee, lilichapwa kwa wamisionari huko Kansas miaka mitatu tu baada ya ile safari, jina lake maana yake Jua la Kishawnee. Shawnee Tribe wameitangaza 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa lugha yao na wanafundishana. Ukiitazama utaona vitu tunavyovijua, kitenzi kimoja kinabeba mtendaji na mtendwa ndani yake kama sisi tunavyosema nimekuona, majina yana ngeli mbili, yenye uhai na isiyo na uhai. Na wana "sisi" mbili, moja mimi na wewe tuko ndani, nyingine sisi bila wewe. Hiyo nimeipenda kweli.

Sasa mimea yenye jina lao, maana kamati iliniomba niieleze. Ile yenye majani yenye madoa meupe kama yamedondokewa maji, kwa Kiingereza jina lake jingine ni saladi ya Shawnee, majani yake machanga mnayakumbuka, mama wawili walituchemshia mwezi wa nne tukala na ugali, kwa kweli inapita kama mchicha. Ule mti mkubwa getini wenye majani kama masikio ya tembo na maganda marefu ni katalpa, nao huitwa mti wa Shawnee. Blakiberi yetu inaitwa Shawnee pia, lakini hiyo ni mbegu ya chuo kikuu cha Arkansas ya miaka ya 1980, wao blakiberi zao nyingi wamezipa majina ya makabila, na mzazi mmoja wa hii inaitwa Cherokee. Kwa maoni yangu hizo mbili tuzitenganishe kwenye vibao. Saladi ya msituni ilikuwa chakula cha watu wa misitu hii, blakiberi imepewa tu jina na watafiti, na mtu akisoma asidhani Washawnee ndo walioileta.

Miche ya pawpaw imepona tisa. Mitatu iliungua na jua kwa sababu miaka ya mwanzo inataka kivuli na tuliipanda pembeni mno, mwakani tutasogeza. Matunda msiyategemee kesho, inaweza kufika miaka mitano hadi minane, na lazima iwe zaidi ya mti mmoja usio ndugu wa karibu ndo izae, tena wanaochavusha ni nzi na mbawakawa, siyo nyuki, kwa hiyo wanaolalamikia nzi kona ile naomba wavumilie.

Mbegu za kupanda upya ziko kwenye friji yangu, zimefungwa kwenye moss yenye unyevu, ule ukoga laini wa msituni, zinahitaji baridi kama miezi mitatu na zikikauka zimekufa. Mwezi wa nne Jumamosi ya pili saa nne asubuhi tukutane bustanini, kila familia ije na chungu kirefu maana mzizi wake unashuka chini haraka.