Makato yangu yameishia wapi?

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Mimi ni fundi mitambo kwenye kiwanda kimoja hapa Dar, mwaka wa 17 huu, na kila mwezi silipu inaonyesha nimekatwa asilimia 10 ya mshahara ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii wa mafao ya uzeeni, mwajiri naye anatakiwa aongeze 10 yake iwe 20. Sasa juzi nikaenda kucheki michango, dada wa kaunta akanigeuzia skrini nione mwenyewe, miezi 14 haina kitu! Kwangu imekatwa, kule haijafika. Nikirudi kwa watu wa HR naambiwa "tunalifanyia kazi", mpaka leo.

Wenzetu wa serikalini wao kilio chao ni kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu, na ule mkupuo wa asilimia 33 anaopewa mtu kwa mara moja akistaafu, wa tangu Julai 2022, angalau 2024 wengine wakasogezewa mpaka 40. Sisi tutakokotoa nini wakati michango yenyewe haipo?

Dogo mmoja wa shifti yetu kaniambia, "mzee, mi bora ninunue bodaboda mbili." Simlaumu, ingawa bodaboda nazo zinaibiwa kila siku. Naomba tu mkaguzi aje kiwandani kwetu, na akija aanzie kwetu huku chini, asianzie kwa bosi kwenye chai.

Fundi, Dar es Salaam