Theerathon Bunmathan apimwe kwa kazi yake, si kwa Ulaya

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu wachezaji wa Kusini-Mashariki mwa Asia ilimtaja Theerathon Bunmathan wa Thailand kwa sentensi moja tu: kwamba alikuwa beki mzuri wa kushoto, ila hakufika mbali kwa sababu hakucheza Ulaya. Sentensi hiyo imeniuma, na naomba nafasi niijibu, maana kipimo hicho ndicho tunachowapimia hata vijana wetu. Kijana akienda daraja la pili Ubelgiji tunampongeza, akienda Morocco au Afrika Kusini tunasema amekwama.

Nianze na Yokohama, tarehe 7 Desemba 2019. Ilikuwa siku ya mwisho ya Ligi Kuu ya Japani, na ratiba ilikuwa imewakutanisha wawili waliokuwa wakiwania ubingwa: Yokohama F. Marinos nyumbani, FC Tokyo wageni. Tokyo walihitaji ushindi wa mabao manne ili wachukue kombe. Uwanjani waliingia watu 63,854, idadi ambayo ligi hiyo ilikuwa haijawahi kuiona katika mechi moja. Dakika ya 26 mpira ukamfikia beki wa kushoto wa Marinos nje ya boksi. Akapiga kwa mguu wa kushoto, shuti likamgonga beki, likapaa juu ya kipa na kutua wavuni. Tokyo, ambao tayari walikuwa na mlima wa kupanda, wakaishiwa nguvu. Mechi ikaisha 3-0 ingawa kipa wa Marinos alitolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha pili. Marinos walikuwa hawajachukua ubingwa tangu 2004. Mfungaji wa bao lile la kwanza alikuwa Theerathon, na siku hiyo akawa Mthailand wa kwanza kutwaa ubingwa wa Japani.

Lakini bao si jambo kubwa kwangu. Jambo kubwa ni namna alivyokuwa akicheza msimu ule mzima. Kocha wake alikuwa Ange Postecoglou, na mabeki wa pembeni wa Postecoglou hawakai pembeni. Timu ikiwa na mpira wanaingia ndani na kusimama sambamba na kiungo mkabaji, wanapokea, wanageuka, wanapiga pasi ya mbele, na mpira ukipotea wanakimbia kurudi kuziba nafasi waliyoiacha. Kazi hiyo inataka akili ya kiungo na mapafu ya winga. Mwaka 2023 kocha huyohuyo alipoenda Tottenham, wapenzi wa soka wa hapa kwetu walikesha wakijadili jinsi mabeki wake wa pembeni, Udogie na Porro, walivyokuwa wakiingia katikati, kana kwamba kitu hicho kimezaliwa London. Theerathon alikuwa akikifanya miaka minne kabla, upande wa kushoto, kwenye timu iliyotwaa ubingwa. Kama ni ujuzi wa kisasa anapoufanya Udogie, basi ni ujuzi uleule alipoufanya Theerathon.

Linganisha na kijana mwingine wa eneo hilohilo, naye beki wa kushoto. Doan Van Hau wa Vietnam alikwenda Heerenveen, Uholanzi, kwa mkopo Septemba 2019 akiwa na miaka 20. Magazeti ya kwao yalijaa picha zake. Msimu ukaisha akiwa amecheza dakika chache za mechi moja ya kombe, basi. Simbezi hata kidogo. Van Hau ana kipaji, na Desemba ileile alifunga mabao mawili dhidi ya Indonesia kwenye fainali ya soka ya michezo ya SEA, yaani michezo ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia. Nauliza tu: kati ya hawa wawili, nani alikuwa amefika mbali Desemba 2019? Aliyekuwa benchi Ulaya, au aliyekuwa akicheza mbele ya watu elfu sitini na zaidi Yokohama?

Japani yenyewe hakuiendea kwa bahati. Mwaka 2012 ligi ya Japani iliingia makubaliano ya ushirikiano na ligi ya Thailand, kisha ikaweka nafasi maalumu kwa wachezaji wa nchi rafiki za Asia, nje ya idadi ya kawaida ya wachezaji wa kigeni. Mthailand mwenzake, kiungo Chanathip Songkrasin, akatangulia Sapporo mwaka 2017. Mwaka uliofuata mshambuliaji Teerasil Dangda akaenda Hiroshima na Theerathon akaenda Vissel Kobe kwa mkopo kutoka Muangthong United, na katikati ya msimu huo Iniesta, kiungo nyota wa Hispania, naye akatua Kobe. Utaratibu ulifungua mlango, sawa, ila utaratibu haumpi mtu namba. Alikuwa na miaka 28, ameshashinda kila kombe la nyumbani na Buriram United, timu iliyobeba makombe matatu ya ndani kwa msimu mmoja mwaka 2011, tena 2013, tena 2015. Angeweza kubaki Thailand akiheshimiwa na kulipwa vizuri. Akachagua kuanza upya kwenye ligi ambayo hakuna aliyelazimika kumheshimu, na mwaka wa pili, akiwa sasa Marinos, akawa bingwa wake.

Kuhusu timu ya taifa, sitaficha kilichoshindikana. Thailand haijawahi kucheza Kombe la Dunia, na kizazi chake kilipofika hatua ya mwisho ya kufuzu kwa ajili ya 2018 kiliambulia pointi mbili tu. Novemba 2019, wiki chache kabla ya ubingwa wa Yokohama, alipiga penalti Hanoi dhidi ya Vietnam na kipa Dang Van Lam akaiokoa. Mechi ikaisha 0-0. Penalti ile ilirudiwa kwenye televisheni hadi ikachosha, na mashabiki wa Vietnam hawakumwachia.

Sasa sogea mbele hadi Januari 2023, fainali ya Kombe la Kusini-Mashariki mwa Asia, timu zilezile. Mkondo wa kwanza Hanoi ulikuwa 2-2. Chanathip hakuwepo kwenye kikosi, hivyo kocha Alexandré Pölking alimhamishia Theerathon kiungo cha kati na kumwachia kitambaa cha unahodha. Marudiano yalipigwa Uwanja wa Thammasat tarehe 16. Dakika ya 24 alipokea mpira mbali na goli, akatazama mara moja, akaachia shuti la chini la kushoto likaingia kwenye kona. Golini alikuwa Dang Van Lam, yuleyule. Hilo likawa bao pekee la mechi, Thailand ikatwaa kombe kwa mara ya saba, na Theerathon akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Lilikuwa kombe lake la tatu la aina hiyo, baada ya 2016 na 2020. Ni mabeki wangapi mnaowajua, hata wa Ulaya, walioombwa kuhama nafasi wakiwa na miaka 32 wakaondoka na tuzo ya mchezaji bora?

Mwaka mmoja baadaye aliiongoza Thailand kwenye Kombe la Asia nchini Qatar. Kikosi hicho kilimaliza hatua ya makundi bila kuruhusu bao hata moja, dhidi ya Kyrgyzstan, Oman na Saudi Arabia, kikatolewa na Uzbekistan 2-1 hatua ya 16 bora. Ndugu zetu wa Muscat, Oman, walioiona timu yao ikikwama kwa 0-0 tarehe 21 Januari 2024 wanaijua timu ile. Sisi hapa jioni hiyo macho yetu yalikuwa San Pédro, Ivory Coast, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa bao la Msuva wetu dhidi ya Zambia, na hatulaumiwi kwa hilo.

Wakati huo alikuwa amesharudi Buriram, tangu mwishoni mwa 2021, na klabu ikabeba tena makombe yote matatu ya ndani misimu miwili mfululizo. Hakurudi kupumzika.

Mhariri, naomba mambo mawili. Kwanza, mrudie habari za huyu mchezaji kwa nafasi inayomstahili, na Yokohama 2019 iwemo. Pili, mtakapoandika tena juu ya vijana wetu waliopo Casablanca, Pretoria au Cairo, mwandishi aanze kwa kuangalia wamecheza mechi ngapi, nafasi gani, na timu yao imeshinda nini, kabla hajauliza lini watakwenda Ulaya.

Wenu katika michezo,
Msomaji, Tanga