Barua kwa Mwanangu: Nitakuja Mei, Si Desemba

Mwanangu Zainabu,

Salaam aleikum. Sisi hapa Gede hatujambo. Mamako anaumua mahamri ya arusi ya jirani, na ameniagiza nikwambie simu ya Jumapili ilikatika kabla hajamaliza yake. Mimi nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa huniachi nikafika mwisho, na hili la safari nataka ulisikilize lote.

Tikiti ya Desemba usikate. Najua unataka nione theluji, na wenzangu wa barazani wameshaanza kuniuliza nitaletaje picha. Lakini nimesoma kwamba huko Groningen, Uholanzi, mwezi huo jua hutoka saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama saa kumi na dakika ishirini. Mzee wa pwani atafanya nini katika mchana wa namna hiyo, kukaa karibu na hita akitazama dirisha? Nataka kuja mwanzoni mwa Mei, nikae wiki tatu, nirudi kabla ya Idd kubwa. Sababu nimezipanga vizuri juzi nilipokwenda kwa baiskeli kutazama ndege wa pwani kwenye hori la Mida.

Baada ya swala ya alfajiri nilimpakia mtoto wa nduguyo Athmani kwenye karia, tukashika barabara ya Mombasa polepole. Baiskeli ni ile ile nyeusi uliyojifunzia. Nimeitia cheni mpya, na fundi wa stendi ameninyooshea rimu ya nyuma. Kulia msitu wa Arabuko-Sokoke, kushoto minazi na mikorosho, na matatu zikipita zinatusukuma ukingoni kwa upepo wao. Hatukuwa na haraka. Keremkerem wekundu walikuwa juu ya nyaya za umeme, na kila mtoto alipowaona alinigonga mgongoni nisimame. Nikasimama kila mara. Kwa gari tungefika mapema na tusingeona chochote.

Nilichagua siku ambayo maji yanajaa asubuhi. Maji yakiwa yametoka, ndege wa Mida hutawanyika mbali kwenye tope na huwaoni ila vitone. Yakijaa husukumwa taratibu hadi karibu na kile kibanda cha mbao mwisho wa daraja la kamba, katikati ya mikoko. Tulilipa kiingilio kwa vijana pale darajani (pesa hizo husaidia karo za watoto wa sekondari wanaoishi kandokando ya msitu, kwa hiyo sikunung'unika), tukajibanza na darubini yangu kuukuu kusubiri maji.

Wa kwanza kuja walikuwa vitwitwi, kundi zima likigeuka pamoja hewani. Halafu wakaja wale weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, wanaokula kaa. Ungewaona, Zainabu! Hawa huzaliana kwenye visiwa vya mchanga vya Bahari ya Shamu na Ghuba na pwani ya Somalia. Huchimba shimo refu mchangani, hutaga yai moja jeupe mle ndani, na joto la mchanga husaidia kazi ya kuatamia. Kisha huja kwetu. Mmoja wao alikuwa kinda la mwaka huu, umbo karibu sawa na la wazazi, mgongo tu bado wa kijivu. Ameshavuka bahari kwa mbawa zake mwenyewe, lakini alikuwa akimfuata mzazi nyuma nyuma akilia, ameinamisha kichwa, hadi mzazi akamkamata kaa, akamkung'uta miguu na kumpa.

Mjukuu wangu akauliza kwa nini hajitafutii mwenyewe. Nikamwambia hilo amwulize shangazi yake, aliyekuwa akipiga simu ya kuomba salio mpaka mwaka wa pili wa chuo. Sasa wewe ndiye unayenikatia mimi tikiti, na kama unavyoona sikatai.

Basi tukiwa tunasubiri nikaitoa mfukoni ile orodha uliyonitumia, nikaipitia moja moja. Ombi la viza halipokelewi zaidi ya miezi 6 kabla ya safari wala chini ya siku 15, kwa hiyo tukianza sasa tuko vizuri kabisa kwa Mei. Ada ni euro 90, na ukinyimwa hurudishiwi. Bima ya matibabu isiwe chini ya euro 30,000. Pasipoti yangu ina muda wa kutosha; wanataka ibaki na angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka huko. Alama za vidole nitakwenda kuzitoa Nairobi mwenyewe, na nitapitia kwa amu yako nilale. Lililobaki ni lako: ile fomu ya mwenyeji, unayotakiwa kuthibitisha sahihi yako kwenye ofisi ya manispaa ya huko. Nenda wiki hii. Usinitumie picha ya simu, nitumie karatasi yenyewe.

Sasa mbona Mei? Kwa sababu mwezi wa nne hawa ndege wetu huanza kuvaa rangi za harusi, wakaondoka. Vitwitwi wenye mdomo uliopinda huwa wekundu kama matofali ya kuchoma, wengine tumbo huingia weusi mtupu, na mara ukienda Mida huwakuti. Mei, maelfu ya jamaa zao huwa wamejazana kwenye tope la Bahari ya Wadden, hapo kaskazini mwako, wakila kabla ya kuendelea kaskazini. Usidhani ni ndege wale wale, na usije ukamwambia mtu hivyo kwa jina langu. Wengi wa kwetu hupandia upande wa Ghuba kwenda Siberia. Wa huko wengi hutokea Afrika Magharibi kwa pwani ya Ulaya. Aina ni moja, njia ni mbili. Hata hivyo nataka kuwaona wakiwa wamevaa, kwa sababu hapa tunaachiwa zile nguo zao za kazini.

Kwa hiyo Amsterdam unipitishe siku moja, inatosha. Makumbusho mawili, mashua kwenye mfereji, basi. Nilichokitia alama kwenye ramani ni kile kisiwa cha Schiermonnikoog, ambacho mjukuu wangu analitamka jina lake vizuri kuliko mimi. Mgeni haruhusiwi kuvuka na gari. Watu huenda kwa miguu au baiskeli. Tutoke Groningen asubuhi kwa baiskeli hadi bandari ya Lauwersoog, tukipita kando ya ziwa la Lauwersmeer, ambalo lilikuwa sehemu ya bahari hadi walipoliziba kwa ukuta mwaka 1969. Ni kilomita arobaini hivi na hakuna kilima, wewe mwenyewe umesema. Nikichoka tutakaa tule mkate. Kisha feri ya dakika 45. Tulale huko usiku mbili au tatu, tuwakute bata bukini weusi wanaochunga majani ya ufukweni kabla nao hawajaondoka kwenda Siberia. Kama kuna pesa ya hoteli ya Amsterdam, ihamishie huko.

Mamako anasema kisiwa kipo hapa hapa Lamu na feri haiombi viza. Mwache. Nimemwambia atakuja safari ya pili akipenda, akanijibu yeye haendi mahali ambapo Isha huingia karibu usiku wa manane.

Mambo ya baiskeli yananishughulisha zaidi kuliko ndege. Huko mnashika kulia, na mimi miaka yote mkono wangu ni kushoto, kwa hiyo siku ya kwanza nizungushe mtaani kwenu kabla hujanipeleka barabarani. Nasikia pia baiskeli nyingi za kwenu hufunga breki kwa kurudisha pedali nyuma. Mimi nikisimama hupenda kuzungusha pedali nyuma bila sababu, nitaanguka mbele ya Wazungu. Tafuta ya kukodi yenye breki za mkononi na kiti kinachoshuka chini, maana najua urefu wa watu wa huko.

Nijibu kuhusu fomu kabla ya Ijumaa, na useme lini umepata likizo, ili nimwambie wakala tarehe. Athmani anakusalimu, na mtoto wake anataka umtumie darubini yake mwenyewe kwa sababu yangu anadai namnyang'anya.

Babako