Malalamiko Kuhusu Feni za Kompyuta Zisizokubali Kupunguzwa Kasi

Chumba cha Kurekodi Sauti,
Langoni, Lamu.

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Tawi la Mombasa.

Bwana/Bibi Meneja,

MINT: FENI TATU ZA KASHA LA KOMPYUTA

Assalaam aleikum. Nawaandikia kuhusu feni tatu za milimita 120 nilizonunua kwenu, zikaja kwa basi hadi Mokowe na kwa boti hadi Amu. Feni zinazunguka na sisemi ni mbovu. Ninalolalamikia ni kwamba hazifanyi nilicholipia, mlijua nimelipia nini, na sasa mnakataa kuzipokea.

Kazi yangu ni kurekodi: kasida, maulidi, na wazee wanaosoma tenzi kwa mahadhi ya kwao. Baadhi yao wana umri mkubwa na sauti zao zimeshuka, kwa hiyo kinasa sauti hukiongeza nguvu, nacho huchukua kila kitu kilichomo chumbani. Nyumba ni ya mawe, kuta zake nene, na katika vichochoro vyetu magari hayapiti. Kelele inayoniharibia kazi inatoka ndani ya kompyuta yangu. Ndiyo maana nilitaka feni ambazo madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, inaweza kuzituliza mzee anapoanza kusoma, kisha ikaziongeza kasi baadaye prosesa inapopata joto kwa kazi ya kuchanganya sauti. Kuzizima kabisa haiwezekani kwa joto la huku, hasa wakati wa kaskazi.

Kabla ya kutuma pesa niliwaandikia jina kamili la madabodi yangu na kuuliza kama itadhibiti kasi ya feni hizi. Mhudumu wenu akajibu kwamba zinaingia bila shida na kasi inadhibitiwa na madabodi. Tangazo lenu linasema hivyo hivyo, tena kwa madabodi zote.

Kuingia, zimeingia. Plagi yake ni ya pini tatu: pini ya kwanza ni ya waya wa ardhi, ya pili inaleta volti 12, ya tatu inarudisha hesabu ya mizunguko. Soketi za feni za kasha kwenye madabodi yangu zina pini nne, na ile ya nne ndiyo inayopeleka amri ya kasi kwa mfumo wa PWM, yaani mapigo ya haraka ya umeme yanayoiambia feni izunguke kwa kasi gani. Plagi ya pini tatu inakaa vizuri kwenye soketi hiyo, pini ya nne ikabaki wazi. Basi feni inapata volti 12 kamili wakati wote, na amri haina waya wa kupitia. Ziko madabodi zinazoweza kushusha volti zenyewe, na huko feni ya pini tatu hupungua kasi bila tatizo. Soketi za kasha za madabodi yangu haziwezi. Kitabu chake kinaeleza wazi, na jina lake mlikuwa nalo mkononi.

Nilipowapigia simu nikaombwa picha ya skrini. Nikatuma ile inayoonyesha nimeweka asilimia 30, na feni bado ziko kwenye kasi yake ya juu kabisa. Fundi wenu akajibu kuwa, maadamu namba ya mizunguko inaonekana, madabodi inaidhibiti feni. Jibu hili ndilo lililonisikitisha kuliko yote, kwa sababu limetoka kwa mtu anayewashauri wateja. Ile namba inaletwa na waya wa tatu, unaotoa mapigo mawili kwa kila mzunguko ili madabodi ihesabu. Ni habari inayotoka kwenye feni. Amri inayokwenda kwenye feni ni jambo jingine na waya wake ni mwingine, ambao feni zenu hazina. Kuona mita ya stima ikihesabu hakukupi uwezo wa kuzima taa.

Na haya si mambo mapya sokoni. Kanuni za kampuni ya Intel za feni za waya nne, toleo la 1.3, ni za Septemba 2005. Zinataka volti 12 zibaki palepale na amri ipelekwe kwa mapigo ya kilohezi 25, juu ya upeo wa sikio la binadamu. Kwa mtu wa kazi yangu hilo lina maana kubwa, kwani feni inatulia bila amri yenyewe kuleta mlio.

Mkanipendekezea waya mfupi wenye kikinzani, kifaa kidogo kinachopunguza umeme unaofika kwenye feni. Huo hushusha kasi mara moja ikabaki hapo hapo, prosesa iwe baridi au inaungua. Nilichonunua ni udhibiti.

Sababu yenu ya kukataa kuzipokea ni kwamba boksi limefunguliwa. Sasa plagi ningeionaje bila kulifungua, ikiwa picha za tangazo zinaonyesha mapanga ya feni tu? Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mtumiaji haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo yake. Maelezo yenu ninayo kwa maandishi.

Naomba mniletee feni tatu za pini nne za PWM za ukubwa huo huo, au mnirudishie pesa zangu zote pamoja na nauli ya mzigo kuja na kurudi. Naomba pia tangazo lirekebishwe: litaje idadi ya pini, na liseme kwamba feni ya pini tatu hudhibitika tu kwenye soketi inayoweza kubadilisha volti. Kuna vijana wa saiba hapa Amu na kule Mpeketoni wanaoagiza kwenu kwa kusoma tangazo hilo peke yake.

Feni nimezirudisha kwenye maboksi yake pamoja na skrubu zote. Nakala za risiti, mazungumzo yetu, picha ya skrini na ukurasa wa kitabu cha madabodi nimeziambatisha. Nangoja jibu la maandishi kutoka kwako mwenyewe, Meneja.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu, Lamu.